Buku ya Heshima na Mukono ya Mama Mukwe

Karatasi ya kwanza ya Kijerumani niliyoishika kwa hii mikono, niliifungia karanga. Musicheke. Ninyi vijana munaokuja hapa kwenye atelie yangu ya kushona mabuku na telefone zenu, munaniulizaka kila mara: Mama Bahati, mwanamuke wa soko ya Bunia aliingia namna gani katika mabuku ya zamani ya Wajerumani? Nikisema karanga, munaona kama niko nawachezea. Sasa kazi nimeiacha, macho imechoka, lakini kiti yangu ingali palepale mulangoni na mudomo haujachoka. Kaeni. Nitawaeleza namna hii kazi inafanywa, na namna buku moja, ya heshima tena, ilitaka kuvunja ndoa ya mutoto wangu wa kwanza.

Nilikuwa muuzaji wa karanga. Karatasi ilikuwa chombo ya kazi sawa na kikombe ya kupimia. Siku moja mama mumoja wa upande wa Djugu akaleta fungu ya mabuku kichwani, akaniambia niichukue, iko na karatasi nguvu, haitoboke hata karanga ikiwa moto. Alisema kweli. Nikapasua, nikazungusha, nikajaza. Kliya, wale wanunuzi wangu, walifurahi juu karanga yangu ilikuwa na foto.

Mwenye kunisimamisha ni Masere Hedwiga. Alikuwa mutawa muzee, muuguzi, aliyetoka inchi moja huko Ulaya ambako wanasema Kijerumani, na karanga aliipenda kuliko mutoto wa shule. Akanunua, akafungua, akaanza kusoma karatasi. Alikula karanga yote amesimama jua kali kusudi afike chini ya ukurasa, kisha akanyoosha mukono akaniomba ukurasa unaofuata. Nikamuambia ule unaofuata umeenda na mutu wa moto, yule wa pikipiki, saa hii labda iko Komanda. Alikasirika kweli, uso wote ukawa mwekundu. Akanieleza kama ile buku inafundisha namna mugeni anapaswa kuaga nyumba ya watu, na sasa hatajua yule mugeni aliaga namna gani.

Ndivyo nilianza. Masere alinifundisha kushona mabuku, yeye alikuwa amejifunza kwa kushona vitabu vya nyimbo za kanisa vilivyopasuka. Mabuku ya Kijerumani, nilikuja kujua, ilitoka kwa muzungu mumoja wa shamba ya kahawa aliyekufa zamani sana. Nyumba yake ilipita katika mikono ya watu wengi, na kila mupangaji alitoa sanduku moja kusudi apate nafasi ya kitanda. Ikatawanyika hivyo: ingine kwa wauza mandazi, ingine kwa wauza sabuni, ingine ikashuka mpaka Kasenyi kufungia samaki.

Kuikusanya haikuhitaji akili ya chuo. Nilipita kwa walimu nikaomba makaye, daftari za wanafunzi, iliyojaa, kisha nikaenda kwa wauzaji wenzangu nikabadilisha, uzito kwa uzito, kwa mizani ya muuza nyama. Wao walifurahi, juu karatasi ya kaye ni laini na inazunguka vizuri. Mimi nikafurahi zaidi, lakini uso wangu niliufunga. Mutu akiona unafurahia kitu yake, ataanza kuifurahia naye, na hautaipata tena. Hiyo muishike.

Ya Kasenyi ilikuwa na shida yake. Harufu ya makayabo, ile samaki ya chumvi, ikiingia katika buku, imekuwa mupangaji humo. Nilijaribu sabuni, buku ikavimba. Nilijaribu jua, ikapinda sawa kigae. Masere akasema tuifungie katika sanduku na makaa yaliyozimika, tuisahau. Ukisahau kweli, bila kufungua kila asubuhi kunusa, harufu inatoka. Na wale mchwa, musipoteze wakati kuwapigia dawa. Weka miguu ya rafu katika mikebe ya mafuta chafu ya motere, ile ya injini, basi. Mchwa wa Ituri hawajui kuogelea.

Kole, ile gundi ya kubandikia, pia niliijifunza kwa machozi. Kole nzuri ni unga ya muhogo, moto mudogo, usiache kukoroga. Lakini muhogo ni chakula, na mimi nilisahau kama si watu peke yao wanakula. Nilibandika ngozi mupya kwenye buku ya safari ya muzungu mumoja aliyevuka Semliki, nikaiweka kwenye dirisha ikauke, mbuzi ya jirani ikaja. Ilikula ngozi yote, ikakula utangulizi, ikaacha ramani. Jirani akaniambia nishukuru, ramani si njo ya lazima kwa musafiri? Tangu pale kole yangu napikaka na pilipili na maji ya majani ya kalitusi. Inachoma macho, lakini haijaliwa tena.

Nyingine nitaisema haraka juu inaniuma bado. Nilipata buku nzuri, kingo zake zote ziko na manyoya-manyoya, karatasi haikuwa imekatwa sawasawa. Mimi nikaona uchafu. Nikachukua kisu ya fundi viatu nikanyoa pande zote tatu mpaka ikawa laini sawa sabuni. Mwalimu mumoja muzungu aliyekuwa amengojea ile buku alifika, akaishika, akaweka mukono kichwani, akaenda bila kuaga. Masere ndiye alinieleza: ile manyoya njo umri wake, mutu hawezi kumunyoa muzee ndevu akasema amemufanya kijana. Kwa hiyo ninyi, kama hamujui, acheni. Buku iliyoachwa iko na tumaini kuliko ile iliyosaidiwa.

Munauliza juu ya nini nilichagua mabuku ya heshima na ya safari, nikaacha mahubiri na mambo ya dawa. Ni Masere. Kila siku ya posho, mbele ya siku ya kanisa, saa ya mangaribi, alikuja kukaa hapa na kutusomea, akigeuza kwa Kiswahili palepale, mimi nikishona na mutoto wangu Bahati amelala kwenye mukeka akisikiliza. Mabuku ya heshima ilifundisha namna ya kukaa, kukula supu bila makelele, kusalimia mujane, kutoa kofia. Mabuku ya safari iliandikwa na watu waliokuja huku kwetu bila kualikwa, wakarudi kwao kulalamika njia ilikuwa mubaya. Niliona haraka kama zile aina mbili ni ndugu. Moja inafundisha mugeni afanye nini, ingine inaonyesha mugeni hakufanya. Nilicheka sana kwa ile mambo, na mutu anayecheka na kazi yake haiachi.

Masere alisharudi kwao, akafia kule. Aliniachia Kijerumani ya kunitosha. Siwezi kununua chumvi kwa Kijerumani, lakini nikipewa ukurasa wenye maandishi ya kizamani, yale yenye pembe-pembe, nausoma. Kliya wengi walipatikana baadaye kwa telefone. Zamani niliandika barua nikangoja mpaka nisahau nilichoandika. Leo unatuma foto, na mbele chai ipoe mutu wa Ulaya amekuuliza ramani iko wapi. Kila mara ni ramani. Mukipiga foto, anzeni na ramani.

Sasa tuje kwa Bahati.

Mutoto alikua, akawa mutu wa biashara, anapandisha mali kati ya Komanda na Bunia. Akampata Georgette. Binti muzuri, mwenye sauti ya chini na akili ya juu, anafundisha shule ya musingi. Kwao ni watu wa ng'ombe, wa upande wa Djugu, familia yenye desturi inayosimama wima. Siye tulitoka Butembo, watu wa soko, tuko na desturi lakini tunaikunja kidogo ikiwa mali inangoja. Kwao, mukwe mwanaume hamugusi mama mukwe. Hamuangalie machoni. Wakikutana kwenye njia, mumoja anaingia katika nyasi mpaka mwenzake apite, na salamu wanatumiana kwa mutu wa tatu. Hiyo haiko chuki, ni heshima yenyewe, ile kubwa. Nilimueleza Bahati yote, mara nyingi. Akaitika ndiyo mama, ndiyo mama, sawa watu wanaoitika wakifikiria mambo ingine.

Siku ya kujitambulisha tulikwenda wote, nguo imenyooshwa, kreti za soda kwenye pikipiki. Tukapokelewa vizuri. Wazee wakaongea. Kisha Mama Georgette akapita mulangoni, mbali, kitambaa kichwani, ni kusudi tu tuone kama binti ako na mama. Ilitakiwa tuinamishe macho. Mimi niliinamisha. Niliponyanyua, Bahati hakuwa tena kwenye kiti. Alikuwa amevuka sebule yote, ameinama mbele ya yule mama, ameushika mukono wake, na aliubusu. Vilevile sawa ile foto katika buku: bwana mwenye koti ndefu, mwanamuke mwenye kofia kubwa, na chini maandishi yanayosema hivi ndivyo kijana mwenye malezi anamusalimia mama wa nyumba.

Mama Georgette akafunika uso na kitambaa, akakimbilia jikoni. Baba Georgette akasimama. Ni mwanaume mukubwa, na siku ile aliongezeka. Hakupiga makelele. Alisema tuchukue mutoto wetu na soda yetu. Wajomba zangu wakajaribu kueleza, wakaonyeshwa mulango.

Tulipofika nyumbani akaketi kwenye mukeka, kijana mwenye ndevu, akalia.

"Mama, kwao kila mutu anamuheshimu mama mukwe kwa kumukimbia," akaniambia. "Nilitaka huyu aone kama mimi namuheshimu kwa kumukaribia."

Nilikuwa na hasira ya kumupiga kofi. Lakini ukisikia maneno sawa hayo kwa mutoto uliyemuzaa, mukono unakosa nguvu. Georgette naye alituma habari kama kwao hakuna anayekula vizuri, na kwamba wakimukatalia Bahati, yeye hataki mwingine, lakini hawezi kuolewa kama baba yake amegeuza uso. Ndivyo mambo ilisimama: wale watoto wawili wapate ndoa ao wakose, na katikati iko buku yangu.

Juu habari ya buku ilikuwa imesharuka. Mutu aliwaambia kama mama ya kijana anafuga mabuku ya wazungu inayofundisha vijana kushika mama za watu. Baba Georgette akatuma neno: siku ya yenga, kanisa ikitoka, nije na ile buku, wazee waione kwa macho yao, kisha ichomwe katika kiwanja yake. Baada ya moto ndipo atasema kama kuna ndoa.

Ninyi munaojua hii kazi, fikirini. Nilisafisha ile buku ukurasa kwa ukurasa na mukate mukavu. Niliishona mwenyewe. Lakini kama moto ungemupa Bahati Georgette wake, ningewasha kiberiti kwa mukono wangu, Mungu anajua. Kilichonitisha ni kingine: kama moto hautatosha. Kuchoma buku hakufuti busu. Nikaketi kutafuta katika rafu kitu ya kusema mbele ya wale wazee. Ya heshima haikunisaidia, kila moja ilimupa Bahati haki, na haki haikuwa dawa. Nikaenda kwa ya safari. Nilitafuta mpaka macho ikatoka maji, na nikapata.

Siku ya yenga nikaenda na mabuku mbili katika sakoshi begani. Wazee walikuwa wameketi, katikati yao muzee mukubwa, ndugu ya kwanza ya Baba Georgette, anayeongea polepole sana kusudi mutu asimukatize. Bahati akawekwa nje, karibu na mulango. Mama Georgette alikuwa jikoni, ukuta mumoja kutoka kwetu, dirisha ndogo wazi. Makaa ilikuwa imeshawashwa kiwanjani.

Wakapokea buku ya heshima, wakaipitisha. Niliwaomba tu wafute mikono kwanza, na walifuta, wazee ni wazee. Muzee mukubwa akaiangalia foto kwa muda, akaniuliza kama yule mwanamuke ni mama mukwe wa yule bwana. Nikamuambia buku haiseme. Mumoja akasema kwa kofia kubwa vile hawezi kuwa mama mukwe. Mwingine akasema wazungu wanaweza. Wakabishana juu ya kofia. Baba Georgette peke yake hakuangalia foto, alikuwa anaangalia makaa.

Nikaomba ruhusa ya kusoma, wakanipa. Nikafungua buku ya pili, ya musafiri mumoja aliyeshuka mpaka kwenye ziwa hapa chini. Anaandika kama alilala kwa mwenyeji mumoja, na asubuhi, akiwa ameketi na yule mwenyeji, akaona mwanamuke muzee anapita nyuma ya nyumba, amejifunika uso, anatembea upande-upande karibu na nyasi. Musafiri akafikiri macho ya yule mama inaumwa. Akakimbia na sanduku ya dawa, akamushika, akamutoa kitambaa.

Wazee wote wakashika vichwa.

"Alikuwa mama mukwe wa mwenyeji," muzee mukubwa akasema.

Nikamuambia buku haiseme. Musafiri hakujua. Anaandika tu kama yule mama alipiga kelele, mwenyeji akakimbilia upande mwingine, kijiji yote ikakusanyika, na yeye akaambiwa atoe mbuzi, ati bila kosa lolote, ni tamaa tu ya wenyeji. Analalamika kurasa mbili. Mpaka mwisho wa safari yake hajaelewa.

Hapo walicheka. Walicheka mpaka mumoja akaomba maji. Ile buku ilikuwa imetembea Ulaya yote, imesomwa na maprofesa, na labda hapa katika hii sebule ndipo ilipata mara ya kwanza watu wa kuielewa. Nami nilicheka.

"Na mbuzi, alitoa?" muzee mukubwa akauliza.

"Alitoa. Anaandika ati ajabu, baadaye walimuita akule nayo pamoja nao."

"Ajabu gani? Mambo ilikuwa imeisha."

Akageukia ndugu yake, akamuambia kwa ile polepole yake kwamba hii kesi yote ni mbuzi moja, na kwamba yeye ana njaa. Lakini Baba Georgette akatikisa kichwa. Alisema yule wa ziwa alikuwa mugeni, alikosa kwa kutojua. Huyu amezaliwa Bunia, alijua, na Mama Georgette amepata aibu mbele ya watu wote. Mbuzi haiwezi kula ile aibu. Akasimama, akanyoosha mukono kuomba buku ya heshima. Nikampa. Sikuona tena vizuri juu ya machozi.

Hapo sauti ikatoka kwenye dirisha ndogo ya jikoni.

"Mama Bahati, ile buku inasema wanafanyiaka nani vile?"

Hakuna aliyetegemea, mama hana neno katika ile kikao. Nikajibu ukuta.

"Mwanamuke wanayemuheshimu kupita wote katika ile nyumba."

Kisha akasema, na hakupandisha sauti:

"Mbuzi ikuje, nitaikubali, desturi ni desturi. Lakini musiseme tena ati nilipata aibu. Tangu nilipoolewa hapa sijaona mutu anainama mbele yangu. Nilikimbia juu nilikuwa naanza kulia."

Muzee mukubwa akaangalia paa. Wengine wakapata kazi ya kufanya na viatu vyao. Baba Georgette alibaki amesimama na buku mukononi, akaikalisha kwenye meza polepole sawa mutu anayeweka yai, akatoka nje. Tukasikia anamwaga maji kwenye makaa. Kisha tukasikia anamuambia Bahati aingie, asisimame pale mulangoni sawa mudai.

Mbuzi tulipeleka, dume nono, tukaikula pamoja, na tarehe ya kanisa ikawekwa.

Juma ile ya ndoa, asubuhi moja, nilikuwa hapa atelie nakoroga kole. Pikipiki ikasimama nje. Baba Georgette akashuka, peke yake, kofia yake ya kanisa kichwani ijapokuwa haikuwa siku ya kanisa. Kiti alikataa. Alisema alikuwa anapita tu. Akaongea juu ya mvua, akaongea juu ya kreti ngapi za soda. Akaangalia rafu zangu zote, moja kwa moja, na mikebe ya mafuta chini yake. Kisha, amegeukia ukuta, akaniuliza kama ile foto bado iko, ile Mama Georgette aliulizia dirishani.

Nikanawa mikono, nikaifungua kwenye meza. Akajipangusa zake kwenye suruali bila kuambiwa, akainama juu ya ukurasa. Alikaa muda. Mimi nikarudi kwa kole yangu kusudi asione nikimuangalia.

"Anashika mukono wa kuume ao wa kushoto?" akauliza.

"Wa kuume."

"Na kofia?"

"Anaitoa kwanza."

Akaitoa, akaiweka juu ya buku zangu, akarudi nyuma hatua moja katikati ya atelie, na yule mwanaume mukubwa akajaribu kuinama.